Somo: Gunia Ubaoni na Ujira wa Mchukuzi



Kila msimu wa karafuu huzuka mabishano yale yale penye kupakia. Mwenye mali asema, "Ubao nimeuleta mimi, gunia lapanda kwa wepesi, basi ujira upungue." Mchukuzi, jasho likimtiririka, hakubali. Tumeona heri tulipigie hesabu jambo hili.

Tuchukue gunia la kilo 50. Ardhi hulivuta kwa kani ya nyutoni 500 hivi. Sakafu ya lori iko mita 1 kutoka chini. Kazi, katika elimu hii, ni kani mara mwendo uliokwenda upande wa kani hiyo. Basi anayelinyanyua wima hufanya kazi ya jouli 500, lakini yampasa azimudu nyutoni zote 500 kwa mara moja, na hapo ndipo migongo iharibikapo.

Sasa tuegemeze ubao wa mita 2.6, mguu wake ukiwa mita 2.4 kutoka kwenye lori. Uzito unaolirudisha gunia chini kwa kuufuata ubao ni 500 kugawa kwa 2.6, yaani nyutoni 192. Ubao nao walibeba gunia kwa nyutoni 460 na kitu, ila kani hiyo yaelekea pembe mraba na mwendo, kwa hiyo haifanyi kazi hata chembe. Madhara yake ni msuguano. Tukiukadiria kuwa sehemu 4 katika 10 za mgandamizo huo, ni nyutoni 185. Mvutaji atatoa nyutoni 377 kwa mita 2.6: jouli 980! Kati ya hizo, 500 ni za kushinda uzito, na 480 zapotea katika msuguano na kuwa joto.

Basi ubao hupunguza kani, haupunguzi kazi. Huiongeza, karibu mara mbili. Sisi twaona mwenye kukata ujira kwa sababu ya ubao hana hoja.

Je, ubao mrefu zaidi? Kwa mita 4 kani hushuka hadi nyutoni 319, na kazi hupanda kufika jouli 1,275 hivi. Hata hivyo sisi twaupenda huo mrefu. Tazama ule mfupi: uzito wavuta chini kwa 192, msuguano wazuia kwa 185 tu. Mchukuzi akiliachia gunia ili apumue, litamrudia aliye nyuma yake. Kwenye ubao wa mita 4 uzito wavuta kwa 125, msuguano waweza kuzuia hadi 194, na gunia hutulia. Mchanga au unyevu ubaoni hubadili hesabu hizi, kwa hiyo ufagiwe na ukaushwe kwanza, wala mtu asisimame chini ya gunia.

Zoezi la nyumbani: gunia la kilo 60, ubao ule wa mita 2.6, msuguano ule ule. Kazi ya mvutaji ni ngapi? Jibu lije jouli 1,176.