Hamsini na Saba: kupanda Kitulo kwa baiskeli

Ukishuka basi pale Chimala, kilomita zipatazo 80 kabla ya kufika Mbeya kama unatokea Iringa, geuza uso kusini. Milima ya Kipengere inainuka ghafla kutoka kwenye tambarare ya Usangu, na ukitazama vizuri utaiona barabara inayopanda ikijikunja na kujikunja tena mpaka inapotea juu. Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Inakwenda Matamba, na kutoka Matamba unaendelea hadi uwanda wa juu wa Kitulo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Kwa mwendesha baiskeli mwenye mazoezi, sijui njia nyingine Tanzania inayodai jasho kiasi hiki na kumfikisha mtu mahali pazuri kiasi kile. Ila haitaki pupa, na mambo yanayowakwamisha watu huko yanajulikana mapema.

Mlima huu usiupime kwa kilomita, upime kwa kimo. Chimala iko kwenye mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo kwenye mita 2,600. Hizo ni mita 1,500 za kupanda, na sehemu kubwa imelundikana kwenye zile kona. Juu kule shinikizo la hewa ni kama robo tatu tu ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mtu wa Tanga au Dar es Salaam aliyezoea kilomita 60 za lami bila taabu atashangaa moyo unavyomwenda mbio kwa mwendo wa konokono. Ndiyo maana nashauri uigawe safari kwa siku mbili: siku ya kwanza Chimala hadi Matamba, ulale hapo mwili uizoee hewa, kesho yake upande uwandani.

Suala la msimu ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kinachowavuta watu Kitulo ni maua, na maua yanakuja na mvua. Hifadhi ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na wenyeji huuita uwanda huu Bustani ya Mungu. Maua hushamiri kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi hiyohiyo udongo wa volkano unalainika, unanata kwenye tairi, unajaza nafasi kati ya gurudumu na fremu mpaka baiskeli haisukumiki. Juni hadi Agosti barabara ni kavu, lakini kuna ukungu na baridi kali, na usiku huweza kushuka jalidi. Septemba na Oktoba hali ya hewa ni ya kupendeza, ila maua ni machache. Kwa maoni yangu, anayekwenda kwa baiskeli achague mwisho wa Novemba au siku za mwanzo za Desemba: mvua zimeanza bila kuiharibu njia, na nyasi zimeanza kuchanua. Siku mbili kabla ya kuondoka, mpigie simu mtu wa Matamba au mwulize dereva wa gari la huko hali ya barabara ya wiki hiyo. Taarifa ya mwaka jana haikusaidii kitu.

Usiende Chimala kwa kunyonga baiskeli kutoka Mbeya. Ile ni barabara kuu ya malori ya Zambia na Kongo, na pembeni nafasi ni finyu. Fungua gurudumu la mbele, funga baiskeli kwa kamba, patana na kondakta uiweke kwenye buti la basi.

Baiskeli yenyewe iwe ya milimani, tairi za upana wa inchi 2 au zaidi, na gia nyepesi kwelikweli: ile ndogo ya mbele iwe na meno sawa na ile kubwa ya nyuma, au pungufu yake. Bila hivyo utakuwa unasukuma tangu kona za mwanzo. Beba tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, kiungo cha akiba cha mnyororo na mipira ya breki. Mafundi wa Chimala na Matamba wana ujuzi, ila vipuri walivyonavyo ni vya Phoenix; breki ya diski ikikuharibikia hawatakuwa na cha kukuuzia.

Anza saa 12 asubuhi. Usangu kuna joto, na mvua za msimu huo hupenda kunyesha alasiri. Panda kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukianza kuhema katikati ya maneno, punguza. Kona kali ndizo zenye mafunzo. Kwa kuwa Tanzania tunashika kushoto, kila kona inayokata kushoto inakuweka upande wa ndani, na upande wa ndani ndio wenye mwinuko mkali kuliko wote. Hapo gurudumu la mbele huanza kunyanyuka. Sogea mbele kwenye kiti, inamisha kifua kuelekea usukani, usisimame kwenye pedali maana tairi la nyuma litateleza kwenye changarawe. Ikishindikana, shuka usukume hatua kumi. Kwenye kona za kulia unakuwa upande wa nje, ambako mwinuko ni wa huruma, lakini ndiko magari yanakorushia kokoto. Tega sikio muda wote. Malori yaliyojaa viazi vya lumbesa na mbao hushuka kwa gia nzito, na dereva aliye katikati ya kona hana pa kukukwepea. Ukisikia injini juu yako, toka barabarani kabisa, simama, ngoja lipite.

Kula kabla ya njaa: ndizi, karanga, kashata, kitu kidogo kila nusu saa. Maji beba lita tatu, na moja kati ya hizo itie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Matamba kuna nyumba za wageni za kawaida, wali maharage, na chai ya moto utakayoihitaji. Fika ofisi ya hifadhi ulipie kibali na useme wazi kwamba unaingia kwa baiskeli. Viwango vya raia, Mwafrika Mashariki na mgeni ni tofauti, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa fedha mkononi. Waachie jina, namba ya simu, na saa unayotarajia kutokea upande wa pili. Usitegemee mtandao wa simu uwandani, na huko hakuna duka.

Juu ni nyasi mpaka macho yanachoka. Wanyama wakubwa ni wachache, pofu na tohe wa milimani, lakini ndege wapo: tandawala anayetembea taratibu kwenye majani, na mbayuwayu wa buluu anayekuja kuzaa msimu wa mvua. Hapa nina ombi zito. Usitoe gurudumu nje ya barabara, hata kukwepa dimbwi, hata kwa ajili ya picha. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2005 wakati viazi vya okidi vikichimbwa kwa wingi na kusafirishwa Zambia kuliwa kwa jina la chikanda, na mimea hiyo imekuwa ikijaribu kurudi tangu hapo. Mfereji wa tairi kwenye udongo mbichi unakuwa njia ya maji, mwaka unaofuata unakuwa korongo, na maji haya ndiyo yanayoulisha Mto Ruaha Mkuu. Osha tairi kabla ya kuja pia, usituletee mbegu za magugu ya bondeni.

Sasa mteremko, ambao naogopa kuliko mlima. Mtu na baiskeli yake wenye uzito wa kilo 100 wakishuka mita 1,000 polepole, breki zinameza nishati inayotosha kuchemsha karibu lita tatu za maji baridi. Breki za rimu zikibanwa mfululizo, rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Za diski zinapata moto mpaka zinapoteza nguvu. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, ukitumia zote mbili. Kila baada ya kona chache simama, usiguse rimu kwa kidole, tonesha maji. Yakichemka papo hapo, pumzika. Mwenye breki za vyuma za Phoenix atembee kwa miguu. Kumbuka na baridi: umetoka jasho ukipanda, halafu upepo unakukuta na shati bichi. Badilisha shati kabla ya kushuka, weka gazeti kifuani chini ya koti, vaa glavu. Vidole vilivyokufa ganzi havibani breki.

Kwa sababu hiyo, mwenye kupanda mara ya kwanza asirudi kwa Hamsini na Saba. Avuke uwanda na kutokea Isyonje, kwenye lami ya Mbeya na Tukuyu, ambako mteremko ni wa taratibu na magari ya kurudi Mbeya yanapita mchana kutwa. Akiumia upande wa Chimala, kuna hospitali ya misheni pale chini. Upande wa Makete, iko ya Ikonda. Ukifika Isyonje, piga simu ofisi ya hifadhi uwaambie umetoka, ili askari wasianze kukutafuta usiku kwenye ukungu.