Kaburi la Ng'ambo ya Mombasa

Neno kimbilio latoka katika kukimbilia. Mtu hatafuti kimbilio siku ya arusi; hulitafuta siku ya hatari. Wazee wa Rabai, karibu na Mombasa, walilijua jambo hili vema. Zamani za vita, wao na ndugu zao Wamijikenda walijenga miji yao, yaani kaya, juu ya vilima katikati ya msitu mnene, na njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, yenye malango. Mtu aliyekuwa ndani ya kaya alizisikia kelele za adui, na pengine alitetemeka. Lakini alikuwa na mahali pa kukaa hata hatari ipite. Shikeni neno hilo, kisha sikilizeni habari hii.

Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, mjumbe wa chama cha misioni cha Uingereza kiitwacho C.M.S. Alikuja pamoja na mkewe, Rosine. Hawa walikuwa wamekwisha kuonja msiba. Walipokuwa safarini katika nchi ya Uhabeshi, Rosine alizaa mtoto wa kike nyikani kabla ya siku zake, naye akafa. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Wakamzika, wakashika njia tena.

Huko Mombasa Krapf alijifunza Kiswahili kwa bidii. Mwezi wa Juni akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohedin. Yafaa tumkumbuke kadhi huyu. Hakuwa Mkristo, wala hakumnyima mgeni ujuzi wa lugha yake.

Mwezi wa Julai Rosine akajifungua tena mtoto wa kike. Homa ikaingia nyumbani. Siku zile watu hawakujua bado kwamba homa ile huenezwa na mbu. Rosine akafa, na mumewe alikuwa mgonjwa sana hata aliweza kuinuka kwa shida tu amtazame. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, barani, kama alivyotaka mama yule, ili wapitao njia ile waone kaburi na kukumbuka kwa nini wageni hawa walikuja.

Wako watu wasemao kwamba amwaminiye Mungu halii. Si kweli. Krapf mwenyewe aliandika kwamba alilia siku nyingi. Bwana Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, na Zaburi nyingi zaanza kwa kilio. Pengine wewe usomaye una mama mgonjwa, au baba yako amekufa, nawe waona haya kuomba kwa sababu moyo wako umejaa uchungu. Omba hivyo hivyo. Akimbiliaye kaya hangoji kwanza hofu imtoke; hukimbia nayo.

Basi, Krapf alipata nini kwa Mungu? Mkewe hakurudishwa, wala homa haikukoma. Angaliweza kupanda chombo arudi Ulaya, na hakuna ambaye angalimlaumu. Lakini aliwaandikia wakuu wa chama chake kwamba kaburi lile ni ishara ya kuwa kazi imeanza katika nchi hii, wasiiache. Neno kama hilo halitoki katika moyo usio na mahali pa kusimama. Kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Alikaa hivyo miaka miwili. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, wote wawili dhaifu kwa homa, Krapf amepanda punda. Wazee wa kaya wakawapokea. Mwaka uliofuata, sura za kwanza za Mwanzo kwa Kiswahili zilipigwa chapa katika Marekani. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, naye hakuiona, kwa kuwa alifariki kwao Ujerumani mwezi wa Novemba 1881. Jioni aliingia chumbani kulala kama desturi yake. Asubuhi wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.