Sauti Izungukayo: Jinsi ya Kutafuta Kasoro kwa Njia ya Sayansi

Mwaka 1966 ilifunguliwa huko Msasani, Kinondoni, sinema ambayo watazamaji waliangalia filamu wakiwa ndani ya magari yao. Sinema hiyo haipo tena, lakini sinema za aina yake zinatupatia swali la kuanzia somo letu. Kwa nini ilikuwa desturi kutundika kipaza sauti kidogo kwenye kila gari, badala ya kuweka kimoja kikubwa karibu na pazia?

Jibu moja limo katika mwendo wa sauti. Mwanga hufika papo hapo, bali sauti husafiri polepole. Kasi yake hewani, kwa mita kwa sekunde, hupatikana takriban kwa kuzidisha nyuzi za Selsiasi kwa 0.6, kisha kujumlisha 331. Katika nyuzi 30, joto la kawaida la mchana Dar es Salaam, kasi hiyo ni mita 349 kwa sekunde. Gari lililo mita 100 kutoka kwenye pazia lingefikiwa na sauti baada ya sekunde 0.29. Mtazamaji angeona midomo ikifumba kabla hajalisikia neno.

Siku hizi sinema imehamia sebuleni, na katika mabanda ya video ya Temeke na Kinondoni ambayo vijana huyaita vibanda umiza. Vyombo ni vipya, lakini fizikia ni ileile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Sauti izungukayo ni nini?

Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya kurekodi sauti kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Mwaka 1940 filamu ya Fantasia ilionyeshwa Marekani kwa mfumo uliotumia vipaza sauti vingi ukumbini. Mfumo ulioenea majumbani leo huitwa 5.1. Tarakimu 5 ni vipaza sauti vitano: kushoto, kati, kulia, na viwili vya kuzunguka vilivyo pembeni au nyuma ya msikilizaji. Tarakimu 1 ni njia ya sauti nzito tu, zilizo chini ya hezi 120 hivi, ambazo hutolewa na sabufa. Ni muhimu kukumbuka kwamba maneno ya waigizaji, kwa sehemu kubwa, hupitia kipaza cha kati.

Tukio la Tegeta

Jirani yangu mmoja huko Tegeta alinunua seti ya namna hiyo. Baada ya muda alilalamika mambo matatu: vipaza vya nyuma vi kimya, maneno hayasikiki, na sauti nzito za mbele zimefifia. Fundi mmoja alikwisha kumshauri anunue amplifaya mpya. Bei yake ilikaribia ada ya mwaka ya mwanawe, aliyekuwa Kidato cha Tatu katika shule ya kulipia. Nilimwomba asubiri hadi Jumamosi, nikamwita kijana huyo aje na daftari lake. Kanuni tuliyoifuata ni moja: badili jambo moja tu, andika matokeo, ndipo ubadili jingine.

Hatua ya kwanza: chunguza chanzo

Tuliuliza kwanza: ni filamu gani iliyokuwa ikitazamwa? Ukimya wa nyuma ulitokea katika filamu za kigeni zilizowekewa juu yake sauti ya mfasiri wa Kiswahili. Nakala nyingi za aina hiyo zina njia mbili tu za sauti. Amplifaya isipowekwa izigawe njia hizo mbili kwa vipaza vyote, vile vya nyuma havina cha kupokea. Tulifungua sauti ya majaribio iliyomo ndani ya amplifaya, ambayo hupita katika kila kipaza kwa zamu. Vya nyuma vilivuma vizuri. Malalamiko ya kwanza, basi, hayakuwa kasoro ya chombo. Kipaza cha kati ndicho kilichonyamaza.

Hatua ya pili: badilishana

Tulizima umeme, tukabadilishana waya mahali zinapoingia katika amplifaya: ule wa kati ukaenda kushoto, na wa kushoto ukaja kati. Kama ukimya ungebaki katika tundu la kati, amplifaya ingekuwa na hatia. Lakini ukimya ulihama pamoja na waya na kipaza chake. Yalibaki mawili ya kushukiwa. Tulibadili waya peke yake, na kipaza kikasema. Panya alikuwa ameukata nyuma ya kabati.

Hatua ya tatu: chanya na hasi

Kila kipaza kina ncha mbili, chanya na hasi. Vipaza viwili vya mbele vikiunganishwa kinyume, koni ya kimoja husukuma hewa wakati koni ya mwenzake inaivuta. Sauti ya hezi 100 ina wimbi lenye urefu wa mita 3.49 (yaani 349 kugawanya kwa 100). Kwa msikilizaji aliye katikati, mgandamizo wa wimbi moja hukutana na mtanuko wa jingine, na mawimbi hayo hufutana. Ndiyo sababu sauti nzito hufifia ingawa kila kipaza, kikisikilizwa peke yake, ni kizima.

Kipimo ni rahisi. Ondoa waya zote mbili kwenye amplifaya, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za waya kwa kitambo kidogo tu. Chanya ya betri ikigusa waya wa chanya, koni kubwa hutoka nje. Koni ya kushoto ilitoka. Ya kulia iliingia ndani. Tuligeuza waya za kulia, na sauti nzito zikarudi.

Umbali na chumba

Vipaza vya mbele vilikuwa mita 3.6 kutoka kwenye kiti, na vya nyuma mita 1.2. Tofauti ni mita 2.4, yaani sauti ya nyuma ilitangulia kwa milisekunde 6.9. Sikio huelekea kuamini upande ule ambao sauti imetangulia kutoka. Kwa hiyo tuliandika umbali halisi katika mipangilio ya amplifaya, nayo ikachelewesha vipaza vya nyuma.

Chumba nacho ni chombo cha sauti. Kati ya kuta mbili zilizo mita 4, wimbi lisimamalo la kwanza lina hezi 349 ÷ 8, yaani 43.6. Katikati ya chumba wimbi hilo halisikiki sana. Karibu na ukuta linanguruma. Kabla ya kuilaumu sabufa, sogeza kiti. Kuta tupu za saruji huleta mwangwi, ambao hupunguzwa na pazia nzito au zulia.

Onyo

Wapo wanaoongeza vipaza kwa kuviunga sambamba. Vipaza viwili vya omu 4 vikiungwa hivyo, ukinzani hushuka hadi omu 2. Kwa volti 12, mkondo hupanda kutoka ampea 3 hadi 6, na amplifaya isiyoundwa kwa mzigo huo huweza kuungua. Tena, mwanafunzi asifungue amplifaya: kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Gharama yote ya jirani yangu ilikuwa mita chache za waya. Amplifaya mpya isingeponya hata moja kati ya kasoro zile, na ada ya kijana ilibaki salama.

Maswali

1. Kipaza kimoja ki mita 4.1 kutoka kwako, kingine mita 0.6. Katika nyuzi 30, sauti zao hupishana kwa muda gani?
2. Vipaza viwili vya omu 8 vimeungwa sambamba kwenye volti 12. Tafuta ukinzani na mkondo wa jumla.
3. Kuta zipo mita 5. Tafuta wimbi lisimamalo la kwanza.

Majibu: (1) milisekunde 10; (2) omu 4, ampea 3; (3) hezi 34.9.