Kuondolewa kifuko cha nyongo ukiwa na maradhi ya kudumu

Tuchukue mfano wa mama wa makamo anayeishi Fukayosi, huku kwetu Bagamoyo. Kwa miaka minane anaumwa baridi yabisi, ile inayovimbisha vifundo vya vidole kila asubuhi hata asiweze kushika jembe wala kukuna nazi. Anaishi kwa vidonge vya prednisoloni. Sasa imemzukia shida nyingine. Kila akila wali wa nazi au samaki wa kukaanga, baada ya muda hukabwa na maumivu makali chini ya chembe ya moyo, upande wa kulia, yanayopanda mpaka begani. Ametibiwa vidonda vya tumbo mara tatu bila nafuu. Hatimaye altrasaundi imeonyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, na daktari amesema apasuliwe, kifuko kitolewe, kisha kinyama kipelekwe kupimwa.

Neno "kupasuliwa" limewashtua wa nyumbani. Neno "kupimwa kinyama" limewanyamazisha kabisa.

Kifuko cha nyongo kila mpishi anakijua. Ni kile cha kijani unachokitoa kwa uangalifu unapomtumbua kuku, maana kikipasuka nyama yote huwa chungu. Kwa binadamu kimejishikiza chini ya ini, nacho kina umbo la pera. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana. Kifuko huiweka akiba na kuimimina utumboni tunapokula chakula chenye mafuta. Nyongo ikikolea kupita kiasi huganda na kuwa vijiwe. Kijiwe kikiziba mlango wa kifuko, ndipo maumivu yanapoanza.

Wanawake hupata vijiwe kuliko wanaume, hasa waliozaa mara nyingi na walionenepa. Lakini yapo pia maradhi ya muda mrefu yanayovileta. Kwa mgonjwa wa selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, chembe za damu huvunjika upesi na mabaki yake hujenga vijiwe vyeusi, hata kwa mtoto wa shule. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo Tanzania kila mwaka, na Pwani yetu ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wake. Basi kijana wa selimundu anayeumwa tumbo upande wa kulia asiambiwe tu kuwa ni maumivu yake ya kila siku.

Si kila kijiwe hupasuliwa. Kikionekana kwa bahati na hakijakuuma, mara nyingi huachwa kilivyo. Kinachouma tena na tena ndicho kinachohitaji kisu. Wako wanaouza dawa ya kuvitoa kwa kunywesha watu mafuta ya zeituni na ndimu, na kweli asubuhi mtu huona vidonge vya kijani chooni. Hivyo si vijiwe. Ni mafuta yenyewe yaliyogeuka kama sabuni tumboni. Fedha hiyo ingefaa kuwa nauli ya kwenda hospitali ya Tumbi.

Upasuaji wenyewe si jambo geni. Daktari Carl Langenbuch aliufanya kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882. Tangu mwaka 1985 umeanza kufanywa pia kwa kupitisha vyombo vyembamba kwenye matundu madogo ya tumbo. Pasipo vyombo hivyo, daktari hukata chini ya mbavu za kulia. Baada ya hapo nyongo hutiririka moja kwa moja toka kwenye ini hadi utumboni. Wengine huharisha kidogo kwa wiki kadhaa, kisha mwili huzoea.

Kwa mgonjwa wetu wa Fukayosi, hatari iliyo kubwa imo kwenye vidonge vyake. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Kazi yake mojawapo ni kutoa kemikali inayousaidia mwili kustahimili mshtuko, kama vile ajali, homa kali au upasuaji. Mtu anapomeza prednisoloni kwa wiki nyingi, tezi hizo huona kazi inafanywa na mwingine, nazo hulala. Akiacha vidonge ghafla haziamki siku hiyo hiyo; huweza kuchukua hata miezi. Akipasuliwa katika hali hiyo, shinikizo la damu laweza kuporomoka akiwa mezani au usiku ule wa kwanza, naye akapoteza maisha ingawa mpasuaji hakukosea lolote.

Na watu huziacha kweli. Mmoja anaogopa dawa "zisigombane" na nusu kaputi. Mwingine ameambiwa asile kitu toka usiku wa manane, akaona na vidonge ni kitu. Kufunga chakula si kuacha prednisoloni. Mwulize daktari, "Hiki nimeze asubuhi ya upasuaji au la?" Mara nyingi atakuruhusu umeze kwa maji kidogo, au atakupa nyingine ya namna hiyo kwa sindano, na pengine kwa kipimo kikubwa zaidi siku hiyo. Jambo hili linawahusu pia wenye pumu na maradhi ya ngozi wanaotumia vidonge hivyo. Kuhusu methotreksati na dawa nyingine za kutuliza kinga ya mwili, daktari ndiye aamue ipi iendelee na ipi isimame. Aspirini nayo itaje, maana huchelewesha damu kuganda.

Itaje hata dawa usiyoijua jina. Katika nchi mbalimbali dawa "za asili" za viungo zimekutwa zimechanganywa na dawa za jamii ya prednisoloni, mnywaji asijue. Uso ukivimba na kuwa wa duara baada ya kutumia dawa ya mtaani, ni dalili ya kutilia shaka. Tia zote kwenye kikapu, uende nazo. Hakuna daktari mwenye busara atakayekugombeza kwa kusema kweli, na hata akikugombeza, afadhali iwe hivyo.

Halafu kuna shingo. Baridi yabisi ya miaka mingi huweza kulegeza vifundo vya juu vya shingo. Mtaalamu wa nusu kaputi huinamisha kichwa cha mgonjwa nyuma ili apitishe mrija wa hewa kooni, na shingo iliyolegea yaweza kuumia hapo. Mwambie kama shingo inauma, kama mikono inakufa ganzi, au kama taya haifunguki vizuri. Mwenye selimundu naye aeleze mapema, kwani huhitaji maji ya kutosha, joto, hewa safi ya oksijeni, na mara nyingine kuongezewa damu kabla ya kupasuliwa. Ndugu wajiandae kuchangia.

Jambo lingine ni kwamba prednisoloni hufunika dalili. Kifuko chaweza kuwa kimeoza na homa ikawa ndogo tu. Kwa hiyo macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mgonjwa akitetemeka kwa baridi, au maumivu yakipita saa sita bila kupoa, msingoje tarehe ya miadi. Tafuteni usafiri usiku huo huo.

Sasa kinyama. Watu wengi wakisikia neno hilo huiona Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam. Lakini kifuko kilichotolewa hupelekwa maabara hata kama daktari hana wasiwasi wowote, ili mtaalamu akiangalie kwa hadubini. Kwa waliopasuliwa kwa ajili ya vijiwe, kwa kawaida kansa haionekani hata kwa mtu mmoja kati ya 100. Anayekutwa nayo wakati ingali changa ana nafasi kubwa ya kupona. Huyo asingejulikana bila kipimo.

Mwenye maradhi ya kudumu huweza pia kuombwa kipande cha ini, kinachochukuliwa kwa sindano kati ya mbavu baada ya kupima kuganda kwa damu, kisha hulazwa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Hapo huenda swali si kansa. Daktari anataka kujua kama ni ugonjwa ule ule unaolishambulia ini, kama ni dawa zinazoliumiza, au kama ni kifua kikuu kilichoamka kwa sababu kinga imetulizwa. Kila moja ina tiba yake, na tiba ya hili yaweza kudhuru katika lile. Na ule usemi kwamba kansa ikiguswa kisu inasambaa? Aliyefariki mara baada ya kupasuliwa, mara nyingi alifika ikiwa imekwisha kuenea.

Mahali pengine ndugu hukabidhiwa chupa ya kinyama aipeleke maabara mwenyewe. Maji yaliyomo ni fomalini, inayozuia kuoza. Usiyamwage, usiongeze maji ya bomba, wala usiiweke kwenye barafu. Hakikisha jina na tarehe vimeandikwa kwenye chupa yenyewe na si kwenye kifuniko. Dai stakabadhi. Kisha uliza: jibu litatoka lini, nitalichukua chumba gani, na nani atanisomea? Mama arudipo Fukayosi kidonda kitakauka kabla ya jibu kutoka, naye atajiona amepona, nauli itaonekana ni hasara. Binti yake aiandike tarehe hiyo ukutani kwa mkaa.