Kabla ya Kuchimba Msingi: Somo la Vibali vya Ploti kwa Wakazi wa Musanda

Ukitoka soko la Musanda ukaelekea vijijini, utaona mabadiliko bila kuambiwa na mtu. Palipokuwa na miwa sasa pana nguzo za ploti. Boma lililokuwa na nyumba moja lina vyumba vya kupangisha vilivyopangana kama darasa. Mbele ya nyumba ya kuishi pamefunguliwa duka, na kando ya duka fundi anachomelea madirisha.

Hayo ni maendeleo, na kaunti inayataka. Lakini kila badiliko la namna hiyo lina sheria yake, na wengi wetu huijua sheria hiyo siku ukuta unapopakwa alama nyekundu ya X. Somo la toleo hili linaeleza kibali ni nini, kinaombwaje, na una haki gani ukinyimwa au jirani akipewa.

SHAMBA NI LANGU, MBONA NIOMBE RUHUSA?

Swali hili husikika karibu katika kila baraza la ardhi. Mzee husimama na kusema: "Hili shamba aliniachia baba. Hati iko kwa jina langu. Mbona niombe ruhusa ya kujenga kwangu?"

Jibu ni hili: mzee, shamba ni lako, na Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 40 inalinda mali yako. Lakini Kifungu cha 66 cha Katiba hiyo hiyo kinaruhusu Serikali kusimamia jinsi ardhi yoyote inavyotumika, kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango ya ardhi. Hati miliki inasema mwenye ardhi ni nani. Kibali kinasema ardhi hiyo inaweza kufanyiwa nini. Ni karatasi mbili tofauti, na moja haisimami mahali pa nyingine.

Kazi ya kutoa kibali ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaweka mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na upimaji wa ardhi, mipaka na nyumba, chini ya serikali za kaunti. Sheria inayoongoza kazi hiyo ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua mahali pa ile ya 1996. Kifungu cha 57 kinasema hakuna mtu atakayefanya uendelezaji katika kaunti bila kibali. Anayeanza bila kibali akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Juu ya hayo, anaweza kuagizwa airudishe ardhi ilivyokuwa, kwa gharama yake mwenyewe.

KWA NINI SHERIA NI KALI HIVI?

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa. Watu 52 walikufa. Jengo hilo lilikuwa karibu na mto na halikuwa na idhini. Waliokufa hawakuwa wenye jengo. Walikuwa wapangaji waliolipa kodi wakaenda kulala.

Musanda si Huruma, lakini maji hayajui mji na kijiji. Choo kikichimbwa juu ya mteremko na kisima cha jirani kiko chini, watoto wa jirani ndio watakaougua. Nyumba ikijengwa juu ya mfereji wa asili, mvua ya masika itaingia kwa mwingine. Kibali ni nafasi ya mtu wa tatu kuangalia mambo hayo kabla saruji haijakauka.

MANENO MANNE YA KUJUA

Kibali cha uendelezaji. Hii ni ruhusa ya kujenga, kuongeza jengo au kubadilisha matumizi ya ardhi au ya jengo lililopo.

Mabadiliko ya matumizi. Ardhi iliyo ya kilimo ikitumika kwa maduka, au nyumba ya kuishi ikigeuzwa baa, hayo ni mabadiliko ya matumizi hata kama hakuna tofali lililoongezwa.

Mgawanyo. Ni kukata kipande kimoja kuwa vingi, iwe kwa kuuza au kwa kurithisha watoto. Nao unahitaji idhini.

Kulegezewa masharti. Kila eneo lina vipimo vyake: umbali wa jengo kutoka barabarani na kwa jirani, sehemu ya ploti inayoweza kufunikwa, na jumla ya sakafu zinazoruhusiwa. Ukitaka kupita kipimo kwa sababu maalumu, kwa mfano umbo la ploti yako ni la pembe, unaomba na kueleza sababu. Ombi linaweza kukubaliwa, kukubaliwa kwa masharti, au kukataliwa.

Tufanye hesabu kidogo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi za mraba 5,000. (Wengi huiita thumuni ya ekari, lakini thumuni kamili ni futi 5,445. Pima kabla ya kulipa.) Tuseme mpango wa eneo unaruhusu nusu ya ploti ifunikwe. Hapo jengo lako haliwezi kukalia zaidi ya futi 2,500 chini. Tuseme tena kwamba jumla ya sakafu zote isizidi ukubwa wa ploti yenyewe. Basi unaweza kujenga orofa mbili za futi 2,500 kila moja, zinazofanya 5,000. Ukitaka ya tatu yenye ukubwa huo, hapo ndipo unapoomba kulegezewa masharti. Viwango hivi ni vya mfano tu. Vya eneo lako utavipata ofisi ya mipango.

MFANO: MAMA MWENYE ROBO EKARI

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mjane ana robo ekari kando ya barabara. Ardhi ni ya kilimo. Anataka maduka 3 mbele na vyumba 6 vya kupangisha nyuma. Afuate njia gani?

Kwanza, ahakikishe hati. Aende masjala ya ardhi achukue cheti cha utafutaji. Akikuta jina bado ni la marehemu mumewe, asimamie hapo. Kesi ya mirathi ikamilike na ardhi iingie kwa jina lake kwanza. Maombi mengi hukwama hapa, na hakuna fundi wala afisa anayeweza kuruka hatua hii.

Pili, aulize kabla ya kuchora. Aende ofisi ya mipango akiwa na namba ya ardhi yake. Aulize eneo limepangiwa matumizi gani, hifadhi ya barabara inaishia wapi, na kama kuna njia ya umeme au mkondo wa maji unaopita hapo. Maswali haya yakiulizwa mapema yanaokoa pesa za michoro miwili.

Tatu, aombe mabadiliko ya matumizi. Mpangaji wa ardhi aliyesajiliwa huandaa ripoti. Umma hujulishwa kwa tangazo gazetini na kwa bango linalowekwa kwenye ploti yenyewe, na wenye pingamizi hupewa siku 14 kuandika. Bango lisiwekwe nyuma ya migomba. Liwe mahali mpita njia anaweza kulisoma.

Nne, apeleke michoro. Michoro ya jengo hutengenezwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, na ya nguzo na mihimili hutengenezwa na mhandisi aliyesajiliwa. Mkurugenzi wa mipango wa kaunti ana siku 7 kupeleka nakala kwa idara zinazohusika, kama afya ya umma, barabara, maji na upimaji. Idara hizo zina siku 14 kutoa maoni.

Tano, angoje uamuzi kwa maandishi. Kibali kinaweza kuwa na masharti. Kikikataliwa, ana haki ya kupewa sababu. Sheria inasema mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa amepewa kibali. Ndiyo maana nakala ya ombi yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa ni mali. Itunze pamoja na hati.

Sita, kabla ya kujenga, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Miradi iliyo katika orodha ya mazingira hupitia pia NEMA. Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 na kuondoa zile za 1968, zinahusu jengo lake pia. Wakaguzi wakija kuangalia msingi kabla haujamwagwa zege, awaite fundi na mhandisi wawepo. Jengo likiisha, aombe cheti cha kuruhusu watu kuingia kabla mpangaji wa kwanza hajaleta godoro.

UNAPOGAWANYA SHAMBA

Ukigawanya shamba la kilimo, kuna hatua nyingine. Baada ya idhini ya mipango, Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lazima ikubali, na soroveya mwenye leseni achore mipaka mipya ndipo hati mpya zitoke. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyo na kibali cha bodi ni batili, na ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Ukinunua ploti kwa makubaliano ya karatasi tu, ukajenga, na bodi haikuwahi kuketi juu ya jambo hilo, umejenga kwenye ardhi ambayo sheria bado inaihesabu kuwa ya mwingine.

Na neno kwa wazazi: shamba likishakatwa vipande vya futi 50 kwa 100, ni vigumu sana lirudi kuwa shamba. Kabla ya kukata, kaeni kama familia mwulizane chakula kitatoka wapi.

LESENI YA BIASHARA SI KIBALI

Kosa la kawaida: mtu anafungua kinu cha kusaga mahindi katikati ya nyumba za watu, analipia leseni ya biashara kila mwaka, na anaamini ameruhusiwa. Leseni inaruhusu biashara. Haibadilishi matumizi ya ardhi. Jirani asiyelala kwa kelele ana haki ya kulalamika chini ya sheria ya mipango, na pia chini ya Kanuni za Kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA.

UKIKATALIWA, AU UKIPINGA

Mwombaji asiyeridhika, au jirani anayeathirika, anaweza kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 za uamuzi. Kamati nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14 tangu rufaa ipokelewe. Asiyeridhika na kamati huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizi 14 hupita haraka, basi usingoje baraza lijalo. Andika siku hiyo hiyo.

Ukipata ilani ya kusimamisha ujenzi, usiing'oe ukutani. Isome tarehe yake, simamisha kazi, nenda ofisini. Ukiona ilani si ya haki, rufaa ni haki yako, na muda wake pia ni siku 14.

Na kama tayari umejenga bila kibali? Jitokeze kabla ya kutafutwa. Nenda na hati na picha ya jengo, uliza linaweza kurasimishwa vipi. Jengo lililo salama na mahali panapofaa lina njia ya kuzungumziwa. Lililo kwenye hifadhi ya barabara au ukingo wa mto halina.

PESA

Ada za vibali huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti kila mwaka. Uliza kiwango kilichoandikwa, lipa kupitia njia rasmi ya kaunti, na dai risiti. Pesa iliyowekwa mkononi mwa mtu, hata awe amevaa kitambulisho cha kazi, haijalipa kibali chochote.

JIPIME

1. Baba yako ana hati ya shamba. Je, anahitaji kibali cha kugeuza nyumba ya kuishi kuwa baa? (Ndiyo. Hayo ni mabadiliko ya matumizi.)

2. Uliwasilisha ombi, siku 60 zimepita bila jibu la maandishi. Utahitaji nini ili kujitetea? (Nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa.)

3. Bango la mabadiliko ya matumizi limewekwa kwa jirani. Una siku ngapi za kuandika pingamizi? (Siku 14.)

4. Unanunua ploti iliyokatwa kutoka shamba la miwa. Mbali na muuzaji, nani lazima akubali? (Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.)

Ukijibu yote manne, mfundishe jirani. Kwa maswali zaidi, fika ofisi ya wadi ya Musanda au ya kaunti ndogo ya Mumias Magharibi ukiwa na namba ya ardhi yako. Kuuliza hakulipiwi, na ni rahisi kuliko kubomoa.