Sikio Likiziba, Weka Njiti Chini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

USICHOKONOE. Machi 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyefuata njia ya misafara kutoka Kazeh, yaani Tabora, hadi Ujiji, aliingiwa na mbawakawa sikioni akiwa kambini Ziwa Tanganyika. Akamimina siagi iliyoyeyushwa, mdudu hakutoka. Akashika kisu. Mdudu alikufa, lakini uso ulivimba, usaha ukatunga, na kutafuna kukamshinda kwa siku kadhaa. Ngoma ya sikio ilitoboka, hata akipenga kamasi sikio linapiga mluzi. Vipande vya mdudu viliendelea kutoka na nta kwa miezi. Alirudi Kazeh Juni, sikio hilo halisikii vizuri.

Njiti ya kiberiti, ufunguo, unyoya wa kuku: vyote ni kisu hichohicho. Hata kijiti cha pamba husukuma nta ndani, sikio likaziba na kuvuma.

MDUDU AKIINGIA, lalia ubavu, sikio lenye mdudu juu, tia matone ya mafuta ya kula yasiyo ya moto ili afe, kisha nenda akatolewe. Sikio linalotoa usaha au damu, au lililowahi kutoboka, usilitie chochote.

USIMEZE DAWA KWA KUKISIA. Enzi za mmisionari Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, kwinini ilimezwa mpaka masikio yalie. Aspirini nyingi na sindano za jentamaisini nazo huweza kuyaumiza. Yakianza kuvuma, mwambie aliyekupa dawa siku hiyohiyo. Usiongeze dozi wala kuikatisha kimyakimya.

USIKAE mbele ya spika za harusi. Hili halihitaji maelezo.

TOFAUTISHA KIZUNGUZUNGU. Nyumba ikikuzunguka ukigeuka kitandani, shuku sikio la ndani. Kichwa kikiwa chepesi na giza likikujia ukisimama, kunywa maji, kapime presha, sukari na wingi wa damu. Usisingizie sikio, wala majini, kabla ya vipimo.

USINGOJE. Sikio likiacha kusikia ghafla, matibabu yanatakiwa haraka iwezekanavyo. Mvumo wa upande mmoja tu, au unaokwenda na mapigo ya moyo, mwone daktari. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, huo huenda ni kiharusi: hospitali saa ileile, hata usiku.

Kwa aliye Tabora, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete iko mjini. Nenda.