Mafuta, Losheni na Kondishena: Vinafanya Nini Mwilini?

Unywele ukishachomoza kichwani hauna uhai tena. Hauli, haunywi, wala hauponi kidonda. Chupa ikikuambia kwamba "inalisha nywele", hayo ni maneno ya biashara. Kinacholainisha ni viambato vinavyoshika juu ya unywele kwa muda, na ukiosha, vingi huondoka.

Unywele umefunikwa na magamba yanayolaliana kama ya samaki. Dawa ya kunyoosha, rangi, pasi ya moto na kuchana kwa pupa huyanyanyua na kuyamomonyoa, nywele zikakwaruzana na kukatika. Palipoharibika hubaki na chaji hasi ya umeme. Kondishena nayo ina viambato vya chaji chanya. Kwenye lebo utavitambua kwa majina marefu yenye "monium". Chanya na hasi huvutana, hivyo kondishena hung'ang'ania zaidi pale palipochakaa, hasa kwenye ncha. Anzia huko, si kwenye ngozi ya kichwa. Shampuu nyingi zina chaji hasi, kwa hiyo suuza povu lote kwanza, la sivyo vitu hivyo viwili vitashikana vyenyewe kwa vyenyewe na nywele zikose.

Wengine hushtuka wakiona "cetyl alcohol" kwenye lebo. Hiyo ni nta laini. Hailevi wala haikaushi.

Kwa ngozi, adui ni maji kutoroka hewani. Gliserini na yurea huvuta maji na kuyashika. Mafuta ya nazi na ya alizeti hujaza mianya ya ngozi inayokwaruza. Mafuta ya mgando huziba juu, lakini hayana tone la maji ndani yake: ukiyapaka kwenye ngozi iliyopauka tangu asubuhi, unaweza kung'aa huku ukavu ukichelewa kuondoka. Ukitoka kuoga, jifute kidogo, paka ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya bei nafuu yakipakwa wakati huo yanaweza kuishinda losheni ya bei kali iliyopakwa ovyo.

Gliserini tupu inataka uangalifu. Dar es Salaam, penye hewa nzito ya bahari, haina shida. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na gliserini inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe. Ichanganye na maji, kisha ifunike kwa mafuta.

Krimu inayokubadilisha rangi si ya kulainisha. Zebaki iliyomo kwenye baadhi yake ni sumu, na haidrokwinoni bila usimamizi wa daktari inaweza kudhuru; achana nayo.

Kwa magaga, tafuta krimu yenye yurea ya asilimia 20 au zaidi. Kwa kiwango hicho hulegeza pia ngozi ngumu iliyokufa. Paka usiku, vaa soksi. Usiipake kwenye mpasuko unaotoa damu, na mwenye kisukari aonyeshe miguu kituo cha afya kwanza.